Alizeti nzuri juu, njano katikati, imekufa chini: shida ni nini kwenye shamba la mchanga Chamwino?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Dar, nalifupisha: "Shikamoo mtaalamu. Nina ekari 25 Chamwino, dalali aliniambia ni tambarare ya mchanga, rahisi kulima. Msimu uliopita nililima yote alizeti kwa trekta. Upande wa juu imetoka safi, katikati ikawa njano na vichwa vidogo, kule chini ilisimama kwenye maji ikafa. Mbegu ni ile ile, siku ya kupanda ile ile, udongo naona ni mchanga kote. Sasa nataka nilime kwa kina zaidi, niongeze mbolea na nichimbe lambo pale katikati. Nianze na kipi?"

Marahaba dada. Usianze na chochote katika hivyo vitatu kwanza, lambo ndo kabisaa liache hapo lilipo. Nimeangalia picha zako, na kilichokupata ni kitu cha kawaida sana huku kwetu kuanzia Kongwa mpaka Manyoni, manake wewe ulinunua shamba moja kwa karatasi ila kwenye ardhi ulinunua matatu, labda manne, na ukayalima yote kama moja.

Neno tambarare ndo linawaponza wengi. Ukisimama barabarani ukatupa macho unaona nchi imelala tu, mbuyu huku, mlima wa mawe kule, hamna kitu cha kukustua. Ila nchi hii inapanda na kushuka taratibu, miinuko mipana mirefu, asilimia 1, 2, mpaka 3 hivi, mguu wako hausikii lakini maji yanasikia. Ekari 25 ni kama mita 250 kwa 400. Kama ule upande wa mita 400 unateremka kwa asilimia 2, basi kati ya kona ya juu na ya chini kuna tofauti ya mita 8, hiyo ni nyumba ya ghorofa mbili na ushee. Kama huniamini chukua ule mpira wa maji unaoonyesha ndani ambao mafundi ujenzi wanapimia levo, mtembee nao na kijana mmoja kutoka juu hadi chini, asubuhi moja inatosha.

Sasa kwa nini mteremko mdogo namna hiyo unabadilisha udongo? Mwamba wa chini huku ni wa zamani mno, granaiti na jamaa zake, una zaidi ya miaka bilioni 2.5, na ile milima ya mawe unayoiona imechomoza peke yake katikati ya nchi ni mabaki ya mwamba huo huo uliogoma kuliwa. Granaiti ikioza inaacha vitu viwili vikubwa, chenga za kwazi ambazo haziozi, ndo mchanga wako huo, na mfinyanzi unaotokana na yale madini mengine yaliyolainika. Mchanga ni mzito, unabaki karibu. Mfinyanzi ni laini, unasafiri na maji. Ipe kazi hiyo miaka elfu na elfu, mvua baada ya mvua, na utapata mpangilio unaojirudia karibu kila mwinuko: juu udongo mwekundu wa kichanga wenye mfinyanzi kidogo ndani yake, unaposhuka unapauka, unakuwa wa kijivu au mweupe mweupe na mchanga mtupu juu, chini zaidi unakuta eneo gumu linalong'aa halioti vizuri hata nyasi, alafu mwisho mbuga yenyewe, udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika.

Hili sio jambo jipya wala halikutoka ng'ambo. Mwanasayansi wa udongo aliyekuwa kituo cha Amani kule Tanga, Geoffrey Milne, ndiye aliyeliandika miaka ya 1930 baada ya kuzunguka Afrika Mashariki hii, akaliita katena, yani mnyororo wa udongo kutoka juu ya mteremko hadi chini, na leo wanafunzi wa udongo dunia nzima wanalisoma. Na wakulima walikuwa wanalijua kabla yake, Wasukuma wana majina kabisa ya kila ngazi, luseni ule mchanga wa juu, itogolo lile eneo gumu, mbuga kule chini. Hata huko kijijini kwako ungemuuliza mzee yeyote wa Kigogo angekuonyesha kwa fimbo wapi pa uwele na wapi pa kuacha ng'ombe. Ila najua, mtu akitoka Dar na gari anaongea na dalali.

Turudi kwenye alizeti yako. Juu imetoka safi kwa sababu ule wekundu ni dalili ya udongo usiotuamisha maji, hewa inaingia, na mfinyanzi kidogo uliomo unashika unyevu na chakula cha mmea. Sio udongo tajiri, usije ukadanganyika na rangi, naitrojeni na fosforasi ziko chini na mboji ni haba kama ilivyo sehemu kubwa ya Dodoma, ila una kina, na mzizi wa alizeti ukipata njia unashuka zaidi ya mita.

Katikati ndo kuna utata, na naomba hapa unisikilize vizuri maana ndo unapotaka kumwaga hela. Mchanga mweupe unashika maji kidogo sana. Kwa makadirio, mita moja ya kina cha mchanga inaweza kumpa mmea milimita 60 hadi 80 hivi, wakati tifutifu nzuri inatoa karibu mara mbili. Alizeti iliyofikia kutoa maua inakunywa milimita 5 kwa siku, zaidi kidogo jua likiwa kali. Kama mzizi wako umegonga tabaka gumu kwenye sentimita 50, basi akiba yote haivuki milimita 40, wiki moja hivi imeisha. Sasa Dodoma unaijua, mvua zetu ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, jumla milimita 550 hadi 600 hivi mwaka wa kawaida, na karibu kila mwaka hapo katikati, Januari au Februari, inakata. Ikikata wiki mbili juu wanavumilia, katikati wanaugua.

Lakini njano ile sio kiu peke yake. Kwenye picha majani ya chini ndo yameanza kupauka, ya juu bado kijani, hiyo ni naitrojeni. Umeniambia uliweka mbolea yote siku moja, alafu ikapiga mvua kubwa. Kwenye mchanga naitrojeni inashuka na maji kama vile haikuwahi kuwepo. Kwaiyo ukiongeza mbolea mara mbili kwa mtindo ule ule unaongeza hasara mara mbili. Pale unagawa, kidogo kidogo, wakati udongo una unyevu na mmea una mizizi ya kuichukua.

Na kuna kitu kingine hapo katikati ambacho macho hayaoni. Maji yanayonywewa juu hayapotei, yanashuka mpaka yakutane na tabaka la mfinyanzi chini ya mchanga, yakishindwa kupita yanaanza kutembea pembeni chini kwa chini kufuata mteremko. Ndo yaliyoufua ule udongo mpaka ukawa mweupe. Mwaka wa mvua nzuri mizizi ya katikati inazama kwenye maji wakati juu ya ardhi ni vumbi, na mwaka wa ukame inakauka. Utajuaje? Chimba shimo la mita moja. Ukikuta kuanzia sentimita 40 au 60 kuna madoa madoa ya rangi ya kutu ndani ya udongo wa kijivu, hapo maji huwa yanasimama, hata kama siku unayochimba ni pakavu kabisa.

Chini sihitaji kueleza sana. Alizeti haipendi miguu ndani ya maji, na mbuga ndo mwisho wa safari ya maji yote ya jirani zako wa juu, sio yako tu. Pale weka mpunga kama panashika maji vizuri, au subiri maji yapungue upande mtama, au dengu ambayo inakula unyevu uliobaki kwenye udongo mweusi. Nyumba usijenge, udongo ule unavimba na kunywea na utapasua ukuta wako, watu wanamlaumu fundi bure.

Haya, trekta na kulima kwa kina. Hapa naomba nikukumbushe Kongwa, sio mbali na kwako. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na mradi wa karanga, mamilioni ya pauni, mitambo iliyotumika vitani, mahesabu yote yamepangwa London. Waliona nchi pana, ya kichanga, karibu tambarare, wakasema karanga inapenda mchanga, kwisha. Wakang'oa vichaka. Kumbe udongo wa Kongwa una mfinyanzi wa kutosha wa kushikamana ukikauka, kiangazi ukawa mgumu kiasi kwamba karanga hazing'oki, na zile chenga za kwazi zikasaga majembe ya mashine. Mvua nazo zikawa za kwetu zile zile za kukatakata. Mwaka 1951 wakafunga. Mi kila nikisikia mtu anasema 'ni mchanga tu, unalimika' nakumbuka ile kitu.

Udongo wetu mwekundu una tabia hiyo hiyo kwa kiwango chake. Matone ya mvua yakiupiga ukiwa uchi yanafunga ganda jembamba juu, mvua inayofuata haiingii, inatiririka, na mbegu ndogo zinashindwa kulitoboa lile ganda. Na ukipitisha ploo la visahani kina kile kile kila mwaka unatengeneza tabaka lililoshindiliwa kwa chini. Dawa sio kupindua udongo wote kwa kina zaidi, ni kuchana. Tafuta ripa, lile jembe lenye jino la kuchana udongo bila kuupindua, hata ile ya kukokotwa na ng'ombe, ichane mistari tu utakayopanda, kabla ya mvua, na mabaki ya mazao yaache juu. Huku kuna wazee wanalima kwa kuberega, wanaparua juu juu na kupanda bila kufukua, watu wa mjini wanaita uvivu. Kwenye mchanga usio na ganda sio uvivu hata kidogo, ila kwenye udongo uliogandamana bila kuchana mazao yanadumaa, kwaiyo inategemea uko ngazi ipi ya mteremko.

Maji yanayotiririka ndo adui mkubwa wa hizi nchi za kulala lala, na watu hawaamini kwa sababu mteremko ni mdogo. Kinachouma hapa ni urefu. Mteremko mfupi mkali unakwisha haraka, huu wako unaendelea mita mia nne na kwa jirani unaendelea tena, maji yanajikusanya njiani. Piga hesabu: mvua ya milimita 25, ya kawaida tu, jioni moja, kwenye ekari moja ni lita laki moja. Nusu yake ikikimbia kwenye ekari zako zote 25 ni lita milioni moja na robo zinashuka kuelekea kona yako ya chini. Na nusu sio kutia chumvi. Mpwapwa walipima kitu hiki tangu miaka ya 1930, kwenye vipande vya ardhi vilivyozungushiwa kingo: ardhi tupu ilipoteza karibu nusu ya mvua, penye mazao kama robo, penye nyasi haikufika asilimia 2, na penye kichaka karibu hamna kitu. Namba zako zitakuwa nyingine, angalia tu tofauti ilivyo kubwa kati ya udongo uliofunikwa na ulio uchi.

Ndo maana nikakwambia lambo liache. Katikati pale ni mchanga, utachimba, litajaa mvua moja, wiki ijayo halina kitu, maji yameshuka. Ukilisogeza chini kwenye lile eneo gumu nako kuna mtego, mfinyanzi wa sehemu zile mara nyingi una sodiamu nyingi, unaonekana mgumu kama unafaa ila ukiloana unamong'onyoka, ukuta wa lambo unatoboka vishimo kwa ndani mpaka unapasuka. Kuna kipimo cha bure: chukua kidonge kikavu cha udongo huo, ukubwa wa punje ya dengu, kidondoshe kwenye glasi ya maji ya mvua, usitikise, subiri. Maji yakichafuka yenyewe kuwa meupe kuzunguka kidonge, hapo usijenge ukuta. Kikibaki kizima au kikabomoka tu huku maji yako safi, tunaweza kuongea. Alafu hata ukipata mfinyanzi mzuri, fikiria tope. Mabwawa ya karibu na Dodoma kama Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi yalichunguzwa na watafiti, ripoti yao ikatoka 1972, na walichokikuta ni kwamba yanajaa mchanga na tope kwa kasi ya kutisha kwa sababu miteremko ya juu yake imelimwa na kuchungwa ikabaki tupu. Yani bwawa linaanzia juu ya mteremko. Ukishafunga maji kule juu ndo urudi kwenye lambo.

Kuyafunga vipi? Kwenye wekundu wa juu chora mistari ya kontua, yani inayokata mteremko kwa usawa mmoja, huo mpira wa levo unatosha, kila baada ya mita 30 mpaka 40 hivi weka tuta la kudumu, panda nyasi za matete au makarikari juu yake ziwe za mifugo. Lima kufuata hiyo mistari. Matuta yaliyofungwa kwa vizuizi kati ya mistari yanafaa huku juu, yanashika maji yaliyokataa kuingia. Kwenye mchanga mweupe usijisumbue nayo, yatabomoka na isitoshe pale maji yanaingia yenyewe, shida ni kuyabakiza.

Pale katikati mi ningeacha alizeti. Weka uwele, njugu mawe, kunde, karanga sehemu isiyotuama maji, na karanga utaing'oa kirahisi tofauti na Kongwa. Mtama angalia kiduha, kile kigugu chenye maua ya zambarau kinachonyonya mizizi, kinapenda sana ardhi iliyochoka ya aina hii, ukikiona acha mtama uweke mikunde. Kama unataka nafaka ya uhakika jaribu mashimo ya Chololo, yametoka kijiji cha Chololo hapo hapo Dodoma: vishimo vya upana wa sentimita 22 hivi na kina cha 30, sentimita 60 kati ya shimo na shimo, 90 kati ya mstari na mstari, samadi kidogo ndani, mbegu juu yake. Samadi inakaa pale pale kwenye mzizi badala ya kutawanyika, na maji nayo yanakusanyika hapo. Ubaya wake ni kazi, ekari moja inakula mashimo kama 7,500, kwaiyo anza na ekari moja au mbili, usiniletee lawama za ekari kumi. Vichuguu navyo usivisawazishe vyote, udongo wa kichuguu una mfinyanzi na rutuba kuliko mchanga unaokizunguka, wengine wanauchota na kuusambaza, wengine wanapanda mahindi machache juu yake na yanakuwa mazuri.

Lile eneo gumu linalong'aa liache nyasi. Watu hawapendi kusikia hivi, wanasema nimelipia, lazima nilime. Utalima, utapata hasara, na utafungua korongo, kwa sababu makorongo mengi huku yanaanzia pale pale, hasa njia ya ng'ombe au ya gari ikinyooka kushuka. Kwenye picha yako ya tatu fensi ya kushoto ina kijia pembeni yake, tayari kimeshaanza kuchimbika. Kizuie msimu huu kwa mawe na matawi, kila hatua kumi, la sivyo mwakani kitakuwa cha kufukia kwa lori. Visiki vilivyobaki usiving'oe pia, chagua machipukizi mawili matatu yenye afya yaache yapande, wenyewe wanaita kisiki hai, Dodoma nzima inafanya sasa na ni rahisi kuliko kununua miche ambayo mchwa watakula.

Umeuliza pembeni kuhusu zabibu. Ule wekundu wa juu unaweza, zabibu za Dodoma zimezoea udongo wa namna hiyo na zinavunwa mara mbili kwa mwaka, ila bila maji ya kiangazi sahau, na kabla hujatandaza mipira peleka maji ya kisima yakapimwe chumvi maana visima vingi vya huku ni vya magadi. TARI Makutupora, kituo cha taasisi ya utafiti wa kilimo, wapo karibu, nenda na sampuli ya udongo kabisa. Sampuli usichanganye ya juu na ya chini kwenye mfuko mmoja, utapata majibu ya shamba ambalo halipo.

Kwaiyo kabla mvua hazijaanza: mashimo manne ya mita moja, moja kila ngazi, piga picha na futi kamba ikiwa ndani ionekane, nitumie. Alafu mpira wa levo. Alafu ndo utafute trekta, na dereva mwambie mapema kwamba atalima kukata mteremko. Atagoma kidogo, kwa sababu analipwa kwa ekari na upande wako mrefu ndo unashuka, kwake kugeuka mara nyingi ni mafuta. Kubalianeni bei ya kugeuka hiyo kabla hajashusha jembe, manake akishaanza huwezi kumsimamisha.